MAMA ALIPOJUA NAFUATA UDRUIDI

Wadau, mimi simlogi mtu. Naishi Uingereza, nafuata Udruidi, dini ya kuheshimu miti, mito na majira. Hatuna kitabu kimoja kitakatifu. Wengi wetu tuna sikukuu 8 kwa mwaka. Asubuhi kabla ya kazi nakaa chini ya mwaloni, nanyamaza, nashukuru. Basi.

Mama alipojua alilia, akakata simu. Wiki tatu kimya! Iliniuma sana. Ikafika 31 Oktoba, Samhain, siku yetu ya kuwakumbuka waliotangulia. Nikampigia: "Mama, leo nimemwashia bibi mshumaa." Akanyamaza weee, kisha akasema, "Mwambie na mimi namkumbuka."

Dini yangu hajaikubali, ila simu anapokea. Wewe ungemwambia mama yako au ungeficha? Tiririka hapo chini.