Kwa Mpwa Wangu, Khatibu na Tabibu

Mpwa wangu mpenzi,

Waraka wako umewasili, na mamako, ambaye hata sasa adhani kuwa utabibu utakupokonya mimbari, nimemtuliza kadiri niwezavyo.

Wakuambiao uchague moja wamemsahau Ibn an-Nafis, aliyekuwa akisomesha fikihi ya madhehebu yetu ya Shafii katika Madrasa ya Masruriya mjini Kairo, naye papo hapo ni tabibu, wa kwanza kuandika ya kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo, ikapita mapafuni, ndipo ikafika upande wa kushoto. Na alipofariki mwaka 1288 nyumba yake na vitabu vyake aliviachia hospitali ya Mansuri.

Lililo zito silo hilo. Mwaka jana nililazwa kwa kidonda cha mguu, na daktari mmoja, kijana mcha Mungu, akanipa mawaidha ya subira robo saa nzima ilhali bendeji imelowa usaha. Msikitini, asiyependezwa na hotuba hutwaa viatu vyake akaenda zake. Mimi vyangu vilikuwa chini ya kitanda, na mguu haunichukui. Hapo nikamkumbuka Albert Schweitzer, mchungaji wa Kikristo aliyeanza kusomea udaktari akiwa na miaka 30: jumuiya ya wamisionari ya Paris, kwa kuichelea itikadi yake, ilimpokea kwa sharti asihubiri, naye akaridhia, akaenda Gabon mwaka 1913, akatibu watu ndani ya banda lililokuwa la kuku. (Ruhusa ya kuhubiri alipewa baadaye, huko huko.) Yeye sharti alitiwa na watu, wewe jitie mwenyewe. Tazama kidonda kwanza, na dua ingoje kuombwa.

Lakini atakapokujia mgonjwa wa sukari, Ramadhani, ameshikilia kufunga hata macho yanamzunguka, usinyamaze. Daktari mtupu akimwambia ale, humdhania hana dini. Wewe, aliyekusikia ukikhutubu Ijumaa, ukimwambia kuwa rukhsa ya mgonjwa imo ndani ya Kurani yenyewe, atakunywa maji mbele yako.

Basi soma, usikhitari. Na ukirejea likizo wakikupa mimbari, nakusihi hotuba iwe fupi, kwani mguu wangu haujaweza kukunjika muda mrefu.

Wasalaam,
Mjomba wako