Mama Mkwe na Ndege ya Kivita

Hapa Bariadi tumezoea kelele za mashine za kusaga na pikipiki. Ndege ya kivita ikipita chini ni jambo lingine kabisa. Bati hulia, vikombe hutetemeka kabatini, na mtikisiko unausikia mpaka kifuani. Tena haikupi nafasi ya kujiandaa, kwa kuwa mwendo wake unakaribia mwendo wa sauti yenyewe. Ukiisikia, imekwisha kufika.

Mwaka jana ilipita moja juu ya mtaa wetu. Watoto walishangilia. Mama mkwe wangu, aliyevuka miaka sabini, alimnyakua mtoto wa jirani aliyekuwa akicheza uani, akakimbia naye mpaka kwenye mtama, akamlalia juu. Tulimkuta huko anatetemeka.

Jioni maneno yakaanza. Bibi alimpeleka mtoto wa watu shambani kufanya nini? Na macho yake mbona mekundu? Mnajua maneno ya namna hiyo yamewafikisha wapi vikongwe wetu wa Usukuma. Wapo waliouawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, na sisi wauguzi tunajua kuwa moshi wa jikoni wa miaka mingi watosha kuyafanya hivyo.

Sikupata usingizi. Asubuhi nilimwendea mama wa mtoto, nikamweleza habari za Oktoba 1978, ndege za Idi Amin zilipopiga mabomu Bukoba. Mabomu yenyewe hayakubomoa sana, ila mtikisiko ulivunja vioo vya madirisha na watu wakakimbia ovyo. Mama alikuwa mmoja wao, mume wangu akiwa kichanga mgongoni. Na vita haikuishia huko. Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, ilikusudia kupiga Mwanza. Makombora yakaangukia Kisiwa cha Saanane, yakaua wanyama na kumjeruhi mfanyakazi.

Jirani alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Kwa hiyo alitaka afe yeye, mwanangu apone?" Mchana alikuja kwetu na kibuyu cha maziwa, akampigia Mama magoti.

Kanisani wapo waliotaka Mama aombewe atolewe pepo. Maombi ni mema, nami huomba naye kila usiku. Lakini hofu iliyoingia mwilini wakati wa vita si pepo. Mtu huyo mshike mkono, mtajie jina lake na mahali alipo, umwache apumue taratibu. Usimcheke. Kichanga naye akishtuka kwa kishindo, akatupa mikono na kuikunja, usiogope; ni kawaida katika miezi ya mwanzo. Mkumbatie tu. Ila yeyote ambaye masikio yake bado yanavuma siku ya pili, mlete kituo cha afya.

Mama tumemhamishia chumba chenye dari. Kile cha zamani kilikuwa bati tupu, na hata mvua ikinyesha kilivuma mno.