Tofali la Jumamosi

Mwaka 2009 Rwanda ilipoanzisha elimu ya msingi ya miaka tisa, madarasa hayakutosha. Wazazi wa Kigali, pamoja na wananchi wenzao mikoani, wakaitikia wito wa umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Walisomba mawe, wakafyatua matofali, askari na raia bega kwa bega. Tena mwaka 2020 yakajengwa madarasa zaidi ya 22,000 nchini, ili kupunguza msongamano na safari ndefu za watoto.

Asiye na mtoto shuleni huuliza: “Mimi nitapata nini?” Muuguzi atakayemhudumia uzeeni, leo angali akihesabu vidole vyake darasani. Mkono mmoja haulei mwana.