Miaka Arobaini Juu ya Mnara wa Kampala

Nilipokuwa nikifunga begi langu hapa Shishiyu, wilayani Maswa, sikujua kuwa safari ya kufuata kifaa cha mashine ya mpunga ingenirudisha kwenye darasa nililolitoa mwenyewe msikitini. Rafiki yangu, mkulima wa pamba na mwenye mashine ya kukoboa, alikuwa ameelekezwa kwa mafundi wa Katwe, mtaa wa Kampala unaosifika kwa kazi za vyuma. Aliniomba nimsindikize, nami nikakubali.

Tulipitia Bariadi na Lamadi hadi Mwanza. Siku ya pili basi letu lilivuka ziwa juu ya daraja jipya la Kigongo–Busisi, takriban kilometa 3, ambalo lilikuwa halijatimiza majuma mawili tangu kufunguliwa Juni 2025. Bukoba, Mutukula, Masaka, kisha mstari wa Ikweta pale Kayabwe, ambapo karibu kila abiria aliinua simu yake kupiga picha. Kampala tuliingia usiku wa manane. Kesho yake fundi alipima kifaa, akakuna kichwa, akatuambia turudi Jumatano.

Jumanne hiyo iliyobaki tupu ilikuwa tarehe 1 Julai. Baada ya swala ya Alfajiri rafiki yangu alisema kwa sauti ya chini, “Ustadhi, leo natimiza miaka arobaini.”

Akanyamaza, nami nikajua alichokuwa anakificha. Mwaka uliotangulia nilizungumza baada ya Alasiri kuhusu mishumaa, keki na nyimbo za siku ya kuzaliwa, mambo ambayo tumeyapokea kutoka kwa wengine bila kuyapima. Yeye alikuwa safu ya pili. Alikwenda nyumbani akafuta sherehe ya watoto wake, na nilisikia baadaye kuwa walilia. Sasa bintiye mdogo alikuwa amemtumia ujumbe wa sauti akimuuliza baba kama amekula keki huko aliko. “Kipande kimoja tu, huku ugenini,” aliniuliza, “kina neno?”

Nilimjibu kama katibu, kwa hesabu. Nikamwambia kuwa 1 Julai 1985 iliangukia ndani ya Shawwal 1405. Kwa kalenda yetu ya Hijria, basi, alitimiza arobaini katika Shawwal 1445, yaani Aprili 2024. Amechelewa kwa zaidi ya mwaka mzima.

Alinitazama kidogo, akasema, “Basi nimechelewa kushukuru.”

Sikuwa na jibu. Tena hesabu yangu yote ilisimama juu ya tarehe ambayo hakuna aliyeiona. Wengi wa rika letu tuliozaliwa vijijini tunazo tarehe za namna hiyo. Mama yake alisema mtoto amezaliwa wakati wa kuuza pamba, na mwalimu aliyemwandikisha shule akachagua 1 Julai.

Tulikula chapati iliyokunjwa pamoja na mayai, ambayo wenyeji huiita rolex, tukapanda kilima cha Old Kampala. Hapo ndipo Lugard alipojenga ngome yake mwaka 1890, na hapo leo umesimama Msikiti wa Taifa wa Uganda. Ujenzi ulianza wakati wa Idi Amin mwaka 1972, ukakwama miaka mingi, hata serikali ya Libya chini ya Gaddafi ilipoukamilisha. Tuliswali rakaa mbili za kuamkia msikiti, kisha tukaruhusiwa kupanda mnara. Ngazi zake ni zaidi ya 300, na magoti yangu yalizihesabu moja moja.

Juu kabisa unauona mji wote na vilima vyake: Rubaga na Namirembe yenye makanisa, Makerere yenye chuo, na upande wa pili Kibuli, ambako msikiti umejengwa kwenye ardhi iliyotolewa na Mwanamfalme Badru Kakungulu. Nilimsimulia juu ya Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara aliyefika kwa Kabaka Suna II mwaka 1844 na kumfikishia habari za Uislamu, na juu ya Waislamu waliouawa Namugongo katika miaka ya 1870 chini ya Mutesa I. Alisikiliza, lakini mawazo yake yalikuwa mbali. Akaniuliza kama Qur’ani inataja umri wa arobaini.

Inautaja, katika aya ya 15 ya Suratul Ahqaf. Lakini nilipoanza kumweleza niligundua kuwa aya hiyo haianzi na mwenye kutimiza umri. Inaanza na wazazi, na mama aliyebeba mimba kwa taabu na kuzaa kwa taabu. Arobaini inakuja baadaye, ikifuatiwa na dua ya shukrani kwa neema aliyopewa mtu na wazazi wake.

Rafiki yangu alisilimu akiwa kijana. Mama yake bado hajaingia katika Uislamu. “Naweza kumwombea?” aliuliza. Nikamwambia maadamu yu hai, amwombee uongofu asichoke, na amtendee wema kama Suratu Luqman inavyoagiza. Akatoa simu, akampigia pale pale, upepo ukivuma.

“Mayu, nilizaliwa siku gani?”

Siku hakuijua. Alikumbuka tu kwamba uchungu ulimshika akichuma pamba shamba la mbali, akapakiwa kwenye mkokoteni wa ng’ombe juu ya magunia. Mwanawe alikuwa hajawahi kusikia habari hiyo, kwa kuwa hajawahi kuuliza. Alifuta macho kwa kanzu, nami nikageuka kutazama Kibuli.

Keki hatukununua, na msimamo wangu juu ya mishumaa haujabadilika. Jumatano tulichukua kifaa, na sokoni akamnunulia mama yake vitenge viwili na bintiye viatu.

Tulipomkabidhi bibi vitenge vyake hapa Shishiyu, aliniuliza mimi mwanawe alikula nini siku ile. Nikamjibu, chapati na mayai.

“Afadhali yeye,” akasema. “Mimi siku hiyo sikuonja kitu mpaka jioni.”