Majina ya Waliobeba Mizigo

Katika ukoo wetu jina halizikwi na mwenyewe. Mtoto akizaliwa hupewa jina la mtu wa upande wa mama aliyekwisha kutangulia, na hukua akijua amembeba nani. Mimi nilipewa jina la mjomba wa mama yangu, kijana wa Newala aliyechukuliwa wakati wa vita vya Mjerumani, akatwishwa mzigo, asirudi. Kaburi lake halijulikani na hakuna karatasi inayomtaja. Bibi yangu alikuwa dada yake wa tumbo moja. Mpaka anafariki aliniita kaka, akanisalimia kwa heshima ya kaka, na akipika kuku alinitengea firigisi.

Hiyo ndiyo ilikuwa kumbukumbu ya Vita Kuu ya Kwanza nilipokuwa mtoto. Hapakuwa na sherehe, bendera wala hotuba. Vita vilikaa ndani ya majina, ndani ya hesabu za umri ("huyu alizaliwa Mreno alipopanda mlima"), na zaidi ya yote vilikaa kwenye njia ya maji. Anayeujua uwanda wetu wa Makonde anajua kwamba huku juu ardhi haishiki maji. Mvua ikinyesha mchanga unaimeza. Kabla ya mabomba, mama zetu waliondoka alfajiri kuteremka bondeni na kupanda tena na mitungi. Safari ile ndefu ilihitaji maneno ya kuipunguza, na mimi niliyafuata maneno hayo nikiwa nimeshika upindo wa kanga ya bibi.

Wareno walivuka Ruvuma mwaka 1916, na mwezi Oktoba wakaishika boma ya Newala. Kabla Novemba haijaisha Wajerumani wakawarudisha walikotoka. Vitabu vinalitaja jambo hilo kwa aya moja. Bibi alilisimulia kwa maghala: jeshi la kwanza lilikula mtama, la pili likala mbegu. Halafu ukaja mwaka 1917, ambao kwake haukuwa na mfano. Katikati ya Oktoba majeshi yalichinjana Mahiwa, upande wa Nyangao, siku nne mfululizo, na Waingereza wakapoteza watu zaidi ya nusu ya kikosi walichokiingiza, wengi wao Wanaijeria na Wahindi. Kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, hakuweza kubaki. Alirudi nyuma hadi Chiwata, akapanda Nambindinga, akawaacha wagonjwa na wote wasioweza tena kwenda, akapita Newala na kuvuka Ruvuma tarehe 25 Novemba. Alibaki na Wazungu wapatao 300, askari Waafrika kiasi cha 1,700, na maelfu ya wapagazi ambao kila mwandishi anawahesabu kwa kukisia.

Mjomba wa mama alikuwa mmoja wa hao wa kukisiwa. Askari walikuja jioni, wakafunga vijana kwa kamba, wakaondoka nao kabla ya jua kuchomoza. Wanawake walibaki na mashamba yaliyokwisha kuvunwa na wengine. Walichimba ming'oko, viazi vya mwituni, porini, na ilipopungua karibu walikwenda kuchimba mbali zaidi. Baadaye homa kubwa ya 1918 ikapita juu ya miili iliyokwisha kudhoofika kwa njaa. Bibi hakuwahi kuvitenga vita na njaa na homa. Kwake vilikuwa msiba mmoja, na mimi nimekuja kuamini kwamba yeye ndiye aliyekuwa na historia iliyo sahihi.

Vita vya pili vilikumbukwa kwa namna nyingine kabisa, kwa kuwa hivyo vilirudisha watu. Karibu 87,000 walichukuliwa Tanganyika nzima, na nilipopata akili wazee wa keya, yaani waliotumikia King's African Rifles, bado walikuwa na nguvu. Walijulikana kwa mwendo. Mmoja wa mtaani kwetu alipiga pasi kaptura yake kila Ijumaa, na medali zake alizifunga kwenye kitambaa ndani ya kopo la chai. Alikuwa amefika Bama (Burma) na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyowafuata Wajapani kwenye bonde la Kabaw hadi Mto Chindwin mwaka 1944. Alitusimulia matope, ruba na mvua isiyokatika. Sisi watoto wa nchi isiyo na maji tulimsikiliza kwa uchu, na mvua ile tukaitamani. Hakutusimulia waliokufa. Hao aliwataja kwa wenzake tu, kwa sauti nyingine, tulipokuwa tumetumwa dukani.

Na kulikuwa na ngoma. Siku za kuwatoa wali, vijana waliokuwa jandoni, nilimwona midimu, mcheza kinyago, mwenye uso wa afisa wa Kizungu, kofia kichwani, akitembea kwa miguu mikavu huku umati ukikimbia mbele yake. Ngoma ya beni nayo, iliyosambaa Tanganyika pamoja na majeshi ya vita vya kwanza, ilikuwa bado na wazee waliojua gwaride lake na vyeo vyake. Watu walikuwa wakizikumbuka zile zama kwa miguu, hata pale midomo ilipokuwa imenyamaza.

Kilichovunja namna hii ya kukumbuka hakikuwa usahaulifu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, huku ng'ambo ya Ruvuma Mreno akipigana na Frelimo, mkoa wa Mtwara ulihamishwa kuingia vijijini. Ninaielewa sababu ya uhamisho ule: mpaka ulikuwa wa moto na serikali ilitaka watu wakae pamoja. Lakini tuliyaacha makaburi na miembe ya mahame yetu, na masimulizi mengi yalikuwa yamefungwa kwenye miti hiyo. Bibi alipoonyesha mahali alipofungwa kaka yake, alionyesha mti. Kijiji kipya hakikuwa na mti huo. Bomba lilipofika karibu, njia ya maji nayo ikafupika. Nani angetamani mama zetu waendelee kuteremka lile genge? Hata hivyo, maneno ya njiani yalikosa pa kusemewa.

Shuleni nilikofundisha, somo la vita lilianza Sarajevo na kuishia Versailles. Wanafunzi walichangamka nilipowaeleza habari ya meli ya angani L59, iliyoondoka Jamboli, Bulgaria, tarehe 21 Novemba 1917 na tani zipatazo 15 za silaha na dawa, ikija kwenye uwanda wetu huu huu wa Makonde. Iliitwa irudi ikiwa karibu na Khartoum, kwa sababu mahali pa kutua palikuwa pameshatekwa, ikashuka nyumbani tarehe 25, siku ile ile aliyovuka Lettow. Iliruka saa 95. Walitaka kujua kila kitu juu yake, na kila kitu kinajulikana: uzito, urefu, jina la nahodha. Nilikuwa nasimama mbele yao na jina la mpagazi, na juu yake sikuwa na kitu cha kuwapa zaidi ya kwamba alipenda kuimba.

Sherehe tulizokuwa nazo zilikuwa za taifa. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, mkoa wetu hukusanyika Naliendele, walikozikwa askari wa Tanzania waliokufa Msumbiji. Ninaiheshimu siku ile kwa moyo wote. Nimesimama pale na kulia. Lakini katika sherehe za siku hiyo huwekwa mkuki na ngao, sime, upinde na mishale, na kila mwaka nilijiuliza ni kitu gani kingewekwa kwa ajili ya aliyebeba mzigo. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, inawataja wapagazi katika maandishi yake kwa lugha tatu. Hakuna hata jina moja. Wanahistoria wanakadiria kwamba wapagazi zaidi ya 90,000 walikufa upande wa Waingereza peke yao, wengi kwa kuhara, nimonia na malaria.

Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba ubaguzi ulikuwa na sehemu yake. Iliomba radhi. Niliisoma nikiwa mzee, barazani, kisha nikamsomea mjukuu wangu. Aliniuliza kama jina langu lilikuwa ndani ya hao. Nilimwambia hapana: hao waliwabebea Waingereza, na wa kwetu alibebeshwa na Mjerumani. Hata ripoti hiyo haimhesabu.

Tangu yalipofika maadhimisho ya miaka 100 ya vita vya kwanza tumeanza kukutana wenyewe, Newala na Masasi, mara kwenye ukumbi wa parokia, mara darasani baada ya wanafunzi kwenda likizo. Hakuna gwaride. Kila ukoo unaleta jina, na mwenye kuleta jina anasimama na kusema alichoachiwa. Masasi wanaleta uchungu wa aina yake. Misheni yao ilianzishwa mwaka 1876 na watu waliokombolewa utumwani, na kizazi kilichofuata kikafungwa kamba tena na kubebeshwa mizigo. Askofu wao wa wakati huo, Frank Weston wa Zanzibar, aliongoza wapagazi yeye mwenyewe mwaka 1916, na vita vilipokwisha akaandika dhidi ya Waingereza wenzake kwa kuwatumikisha Waafrika kwa nguvu. Wazee wa Mtandi, hapo Masasi, wanayashika yote mawili, na wanabishana hadi chakula kinapoa.

Mabishano makali tuliyowahi kuyapata, hata hivyo, yalikuwa ya Newala. Mama mmoja alileta jina la babu yake, aliyetupa mzigo usiku akiwa Nambindinga, akakimbilia ng'ambo ya Ruvuma na kuoa huko. Mzee mmoja, mtoto wa keya, alikataa: tunaandika waliokufa, hatuandiki waliotoroka. Yule mama hakupandisha sauti. "Shikamoo baba," alimwambia kwanza, kisha akamuuliza aliyefungwa kamba bila kosa anatoroka nini. Palizuka kelele. Wengine walisema tufungue orodha mbili. Nilipinga, na ningepinga tena leo, kwa sababu hakuna hata mmoja wa wale vijana aliyeulizwa kama anakwenda, na aliyeiokoa roho yake alikuwa amewanyang'anya wenye vita kitu kisichokuwa chao. Mtoto wa keya alifikiri kwa muda mrefu, kisha akaomba kalamu aandike yeye. Aliliandika chini ya jina la mjomba wa mama yangu, na baada ya hapo akauliza kwa herufi gani linaandikwa jina la mke wa Msumbiji, maana kule nako wapo wajukuu, na mwakani tumewaalika wavuke.