Haki ya Kuulizana Hali

Wakenya wenzetu waishio Lowell, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, aghalabu hulinganisha makazi yao mawili kwa hesabu ya vitu: ujira wa huku na ujira wa kule, nyumba yenye joto wakati wa theluji, hospitali ambayo mgonjwa mahututi hupokewa kabla hajaulizwa habari ya fedha. Hesabu hiyo ni sahihi wala sina nia ya kuitangua, kwa kuwa ndiyo iliyotutoa makwetu na ndiyo isomeshayo wadogo zetu. Lakini iko hesabu ya pili, ambayo mtu haifanyi mpaka mwili wake uanze kumdai, nayo ni hii: katika siku ya kawaida, isiyo na harusi wala matanga, ni nani atakayetambua kwamba fulani hakuonekana leo, na ni nani mwenye haki ya kubisha hodi aulize sababu? Kwa mizani hiyo Kiuu yetu, wadi ya Ruiru iliyobeba Githurai 45 pamoja na vumbi na msongamano wake, ina utajiri ambao Lowell haijaweza kunipa.

Akaaye Kiuu hutembea kwa sababu hana budi. Duka, soko, kanisa, kituo cha matatu na nyumba ya shangazi vyote ni mwendo wa miguu, na njia ya kuvifikia imejaa watu wamjuao, hata safari ya kwenda kununua kitunguu kimoja ikadai salamu nyingi na maelezo kamili ya afya ya mama mzazi. Mboga hununuliwa jioni kwa ajili ya jioni ile ile: mama mboga hukata sukuma wiki kibandani pake huku akiuliza kama kikohozi cha mtoto kimepoa, managu na terere huletwa zingali mbichi, nduma na viazi vitamu hupangwa mafungu kando ya reli, pale ambapo wachuuzi wa Githurai hutandaza bidhaa zao karibu kabisa na njia ya garimoshi. Hakuna hata mmoja katika watu hawa ambaye angesema kwamba anafanya mazoezi, au anatafuta lishe bora, au anatibu moyo wake. Lakini mwili hupata mwendo, majani mabichi na maneno ya watu katika tendo moja, kila siku, bila ya kukumbushwa.

Fauka ya hayo kuna chama. Wanawake wa ploti moja au wa kanisa moja hukutana, kila mmoja huweka fungu lake, na jumla hupewa mmoja kwa zamu. Wataalamu wa fedha huona katika chama akiba na mikopo. Mimi naona mahudhurio. Asiyefika sharti atoe udhuru, na udhuru wa ugonjwa huleta wajumbe mlangoni, wamebeba unga na sukari, wakiwa na saa nzima ya kukaa na kusikiliza. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 imekuwa rahisi kutuma fungu bila ya kutokea, na katika chama nikijuacho mimi wazee wake walilikataa jambo hilo kwa ukali, wakasema, "Pesa yako imefika, mama, lakini wewe uko wapi?"

Wala mtu asidhani kwamba ujirani huu ni urithi wa mababu uliokutwa hapo. Kiuu ni mji wa wahamiaji, waliotoka Murang'a na Nyeri, Kakamega, Kisii na Machakos, wakafuata vyumba vya bei nafuu kando ya barabara ya Thika, na kwa miili yao kuhama kulikuwa na gharama. Daktari Hugh Trowell, aliyeanza kazi Afrika Mashariki mwaka 1929, kwanza Kenya na baadaye Uganda, aliona katika miaka yake mingi uhaba mkubwa wa maradhi ya mishipa ya moyo miongoni mwa Waafrika, hata mwaka 1956 akamwandika mgonjwa mmoja katika jarida la utabibu kama jambo la nadra. Baadaye Neil Poulter na wenzake waliwafuatilia Waluo waliotoka mashambani magharibi mwa Kenya kuja Nairobi, na katika taarifa yao ya mwaka 1990 wakaonyesha kwamba shinikizo la damu la waliohama lilipanda kupita la waliobaki nyumbani, tena katika muda mfupi baada ya kuwasili: chumvi iliongezeka katika chakula, potasiamu ya mboga na matunda ikapungua, uzito ukapanda, na mapigo ya moyo yakaenda mbio, kana kwamba nafsi yenyewe ilikuwa katika taharuki. Nilipoyasoma hayo nilitambua kwamba kwa mwili wa binadamu safari ya kutoka kijijini kwenda Githurai na safari ya kutoka Githurai kwenda Lowell ni za jamii moja. Tofauti iko katika kile ambacho wageni hukijenga baada ya kutua mizigo yao, na watu wa Kiuu walijenga ujirani kati ya makabila yasiyojuana, ploti kwa ploti, mpaka ukawa kama wa asili.

Insafu yanitaka niseme pia maovu ya huko. Maji machafu hupita penye milango, makelele ya baa hunyima watoto usingizi, na jicho lile lile litambualo kwamba hukuonekana asubuhi hutambua pia mgeni wako wa usiku na kumtangaza. Ujirani haumsafishi mgonjwa wa figo damu yake. Serikali ya Kenya ilipowatuma wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya laki moja mnamo Septemba 2023, kila mmoja akikabidhiwa kaya zipatazo mia pamoja na vyombo vya kupimia shinikizo la damu na sukari, niliona kwamba angalau jambo hilo limejengwa juu ya msingi uliokuwapo, yaani mtu wa mtaa kubisha mlango wa mtu wa mtaa; ingawa mpimaji huyo naye anahitaji malipo yake kwa wakati, na zahanati yenye dawa ya kumpeleka aliyempima.

Kazi yangu huku Lowell ni kuwatunza wazee majumbani mwao. Nimemtunza mzee ambaye dawa zake zilipangwa katika visanduku vya siku saba, jokofu lake halikupungukiwa, na shingoni alivaa kidude cha kuitia msaada endapo angeanguka. Naye, zamu yangu ilipokwisha, aliniomba nikae kidogo tu, hakuwa na haja nyingine. Katika jimbo hili hili, tangu mwaka 1938, wataalamu wa Harvard wamefuatilia maisha ya wanaume mamia kadhaa wa Boston na wa chuo chao, kisha ya wake zao na watoto wao, na Robert Waldinger, anayeuongoza uchunguzi huo, husema wazi kwamba uhusiano mwema na watu ulibashiri siha ya uzeeni vizuri kuliko wingi wa lehemu katika damu. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya chunguzi 148, zenye watu zaidi ya laki tatu, wakakuta kwamba wenye mafungamano imara walikuwa na uwezekano wa kubaki hai ulio juu kwa nusu nzima kuliko wapweke. Mwaka 2023 daktari mkuu wa serikali ya Marekani, Vivek Murthy, aliutangaza upweke kuwa janga. Nchi yenye elimu hiyo yote bado humwacha mzee akae na kidude chake.

Nasi je, Wakenya wa Lowell? Sisi ni hodari wa misiba. Mwenzetu akifariki, huchangishana kwa siku chache fedha za kuupeleka mwili wake nyumbani, na ukumbi hujaa watu na sufuria za mukimo, ilhali huenda marehemu yule alikaa miezi akifanya zamu mbili kwa siku, akila mkate garini, pasipo mtu wa kumwambia, "Mbona umepotea?" Hilo lanichoma zaidi kuliko baridi yote ya Januari. Mji huu wenyewe ulijengwa na wahamiaji. Viwanda vya nguo kando ya mto Merrimack viliendeshwa kwanza na wasichana waliotoka mashambani, waliolala pamoja katika nyumba za bweni, wakala meza moja. Twaweza kuanza na meza moja: wanaokaa mtaa mmoja wapike pamoja jioni moja ya juma, kwa zamu, hata kama ni githeri tu, na asiyefika afuatwe kwake usiku ule ule.

Wengi wa rika langu wamejenga nyumba Kiuu na Juja, wakitazamia kuzihamia watakapostaafu. Pensheni ya Marekani huweza kumfuata mtu mpaka Kenya, ila bima ya wazee, Medicare, kwa kawaida hailipi matibabu ya huko. Lakini hata hilo likipata ufumbuzi, yule arejeaye baada ya miaka thelathini na kujifungia nyuma ya geti refu, akishuka garini ndani ya ua wake, atakuwa mpweke Kiuu vile vile kama alivyokuwa Lowell, kwa sababu hakuna jirani aliyewahi kumzoea. Ndiyo maana siku hizi nikienda likizo silali katika nyumba niliyoijenga. Hulala kwa dada yangu katika ploti, nikahudhuria chama mpaka mwisho, nikanunua mboga jioni kwa miguu, ili majirani wa uzeeni mwangu waanze sasa kunidai salamu. La bima bado sijalikatia shauri.