Betri ya Kuchaji na Mwenye Kuichaji

Sisi tuliokulia Tanzania katika miaka ya mwanzo ya 1980 tuliijua thamani ya betri mapema. Ziliadimika madukani pamoja na sabuni na sukari, na redio ya nyumbani haikufunguliwa ovyo. Ilifunguliwa saa ya taarifa ya habari na ya matangazo ya vifo, kisha ikazimwa. Betri zikichoka tulizianika juani, na wengine waliziuma kwa meno. Kuanika kulikuwa na maana yake, kwani joto huharakisha kidogo kazi ya kemikali iliyobakia ndani, na kule kupumzika nako husaidia. Ndiyo maana zilipata uhai wa muda mfupi kabla ya kufa kabisa. Zilipokufa tulizivunja, tukachanganya ule unga mweusi na majani mabichi yaliyopondwa, tukapaka ubao wa shule. Hakuna aliyetuambia tunawe mikono.

Siku hizi betri za kuchaji zinapatikana madukani, na swali si tena kama zipo bali ni zipi za kununua, tena za kutia katika kitu gani. Nimegundua kwamba wengi huchagua kwa kutazama tarakimu iliyoandikwa ubavuni: kubwa ndiyo bora. Tarakimu hiyo, inayohesabiwa kwa miliampea-saa, hueleza kiasi cha umeme betri inachoweza kubeba. Kwa betri ndogo ya kawaida, ile ya tochi na redio ndogo, ya kweli huwa kati ya 1900 na 2700 hivi. Ukiona imeandikwa zaidi ya 4000, iache hapo hapo. Umbo lile halina nafasi ya kubeba umeme huo. Ipime pia kwa kiganja. Betri nzuri ya aina hii ina uzito wa gramu 25 hadi 30, na ile nyepesi kama ganda tupu haikufai.

Aina nazo zinatofautiana. Ile ya zamani ya nikeli na kadimi, aliyoibuni Waldemar Jungner wa Sweden mwaka 1899, ilitumika kwa miaka mingi, lakini kadimi ni sumu, na sisi ambao taka zetu huishia shimoni nyuma ya migomba hatuna sababu ya kuitafuta. Iliyoishika nafasi yake ni ya nikeli na metali haidraidi. Hii nayo mwanzoni ilikuwa na ila moja kubwa: ukiichaji na kuiweka kabatini, umeme ulivuja wenyewe, na baada ya miezi michache ulikuta haina kitu. Mwaka 2005 kampuni ya Sanyo ya Japani ikatoa Eneloop, ambayo hubakia na sehemu kubwa ya umeme wake hata baada ya mwaka mzima wa kukaa bure. Kampuni nyingine zimefuata. Utazitambua kwa kuwa pakiti husema zimeuzwa zikiwa zimechajiwa tayari. Kwa matumizi ya nyumbani mimi sinunui nyingine.

Watu huziogopa kwa kuwa zina volti 1.2 badala ya 1.5. Hofu hiyo imezidi kiasi. Betri kavu huanza na 1.5, lakini hushuka siku hata siku, na sehemu kubwa ya maisha yake huipitisha karibu na hiyo 1.2 au chini yake. Ya kuogopwa hasa ni ile ya lithiamu yenye umbo lile lile ila volti 3.7. Ukiitia mahali pa betri ya kawaida unaweza kukiunguza chombo.

Chaja isidharauliwe. Nunua inayoichaji kila betri peke yake na kujizima ikijaa. Chaja isiyojua wakati wa kuacha huzipika betri, hata ziwe nzuri namna gani.

Hata hivyo si kila chombo kinazihitaji. Saa ya ukutani hutumia umeme kidogo mno, na betri kavu moja huiendesha mwaka na zaidi; kuiwekea ya kuchaji ni kupoteza fedha. Zinapolipa ni kwenye redio ya kila siku, tochi ya kila usiku, na vile vidude vya watoto vyenye taa na makelele (ambavyo, kwa maoni yangu, vingeachwa vinyamaze).

Jambo gumu kwangu lilikuwa kipimo cha presha cha mama yangu, anayeishi peke yake kijijini. Kinatumia betri nne na yeye hukitumia kila asubuhi, kwa hiyo kwa hesabu za fedha kilistahili betri za kuchaji kuliko chombo chochote nyumbani mwake. Nilimweleza kabla ya kununua. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Baba, kitu cha kuchaji ni kitu cha kukumbuka. Umeme ukikatika siku tatu na kichwa kinanizunguka, nitakikumbukia wapi?”

Sikuwa na jibu. Tena betri nne za volti 1.2 hufanya 4.8 mahali pa 6, na baadhi ya vipimo hutoa alama ya betri dhaifu mapema kwa sababu hiyo. Kipimo chake kina betri kavu za alkalaini, na pakiti nyingine haijafunguliwa, imo kwenye mkoba mmoja na kadi yake ya kliniki. Redio ndiyo iliyopata za kuchaji, jozi mbili. Nimeziandika namba kwa wino ili zisichanganyike. Jozi moja ikizimika anatia ya pili na kusubiri umeme, na usiporudi kwa wakati, hukosa taarifa ya habari tu.